Kozi ya kwanza ya kuzamia: maswali tunayoulizwa kila siku

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa ya kufundisha kuzamia kaskazini mwa Unguja. Mengi nimeulizwa na watu wa kwetu: walimu, manesi, vijana wa boti, wanafunzi waliokuja likizo, kina mama waliozaliwa hatua mia kutoka majini na hawajawahi kuona kilichomo chini. Kozi ninayoieleza ni ile ya ngazi ya kwanza, ambayo shirika la PADI huiita Open Water Diver. Mashirika mengine kama SSI na CMAS yana kozi zao zinazolingana nayo, na cheti cha moja hukubaliwa katika vituo vya mengine karibu kote duniani.

Kozi ina nini ndani yake, na inachukua siku ngapi?

Ina sehemu tatu. Kwanza nadharia: sura tano, kila moja na maswali yake, halafu mtihani wa maswali 50 ambao kuufaulu unatakiwa upate asilimia 75. Siku hizi wengi wanaisoma kwenye simu nyumbani kabla ya kufika. Pili ni mazoezi ya maji tulivu, ama kwenye bwawa la kuogelea ama kwenye ufukwe usio na mawimbi, vipindi vitano. Tatu ni bahari yenyewe: mizamo minne, ambayo haifanywi yote siku moja.

Hesabu siku tatu au nne. Mtu akikuahidi cheti kwa siku moja na nusu, mshukuru na uondoke.

Mimi ni mtoto wa pwani, nimepiga mbizi tangu utoto. Kozi ya nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo ninalolijibu kwa urefu, kwa sababu jibu lake linaweza kukuokoa.

Kijana anayeruka kutoka ukuta wa Forodhani, au anayechokoa pweza kwenye mwamba, anajua jambo moja kwa mwili mzima: vuta pumzi, ibane, shuka, panda. Na kwa kupiga mbizi hilo ni sahihi. Pumzi uliyoivuta juu husinyaa unaposhuka, na ukipanda hurudi kuwa vilevile ilivyokuwa. Haizidi.

Kwenye mtungi mambo ni kinyume. Ukifika mita 10, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Regulata, kile kifaa cha mdomoni kinachotoa hewa ya mtungi, inakupa hewa yenye mgandamizo huohuo, kwa hiyo mapafu yanajaa kawaida, hukohuko chini. Sasa ukiibana pumzi hiyo na kupanda, ile hewa inatanuka njiani, na ukifika juu inataka nafasi mara mbili. Mapafu hayana nafasi hiyo. Yanachanika, na hewa inaweza kuingia kwenye damu. Hata kupanda mita moja au mbili tu ukiwa umejaza kifua na kukibana kunatosha kukudhuru. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kozi, ile tunayoirudia mpaka unaiota, ni hii: usibane pumzi kamwe. Vuta, toa, vuta, toa, muda wote.

Nimeona kwa macho yangu kwamba mtu wa Dodoma ambaye hajawahi kuweka uso majini mara nyingi hujifunza hili kwa urahisi kuliko kijana wa Nungwi. Yule wa Dodoma hana mazoea ya zamani ya kuyaacha. Yule wa Nungwi akishtuka kidogo tu, samaki akipita karibu au maski ikiingia maji, koo linajifunga lenyewe, kama alivyozoea tangu ana miaka mitano. Inabidi tulifungue upya, taratibu, kwa siku mbili.

Jambo la pili ni naitrojeni. Hewa ya mtungi wa kawaida ni hewa hiihii tunayovuta barazani, asilimia 21 oksijeni na karibu yote iliyobaki naitrojeni. Chini ya maji, naitrojeni inaingia mwilini kidogokidogo, na inahitaji muda wa kutoka. Ukipanda kwa kasi inatoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo yakikaa kwenye uti wa mgongo unaweza kupooza. Visiwani kwetu na pwani ya Kenya wapo wavuvi waliozamia majongoo ya bahari kwa mitungi bila kufundishwa na mtu. Walishuka kina kirefu mara nyingi kwa siku na kupanda mbiombio na mzigo. Wapo waliokufa. Nimewahi kukaa barazani na mmoja aliyebaki, magongo yake yameegemezwa ukutani, na aliniambia kwamba siku ile hakufanya lolote tofauti na siku nyingine. Watu wa kijijini walisema ni shetani wa bahari. Haikuwa shetani. Ilikuwa ni elimu ambayo hakuna aliyempa, na elimu hiyo ni kurasa chache tu za kozi hii: panda taratibu, usizidi mita 18 kwa dakika na ukiweza nusu ya hapo, simama mita 5 kwa dakika tatu kabla ya kutoka, na uhesabu muda wako wa chini.

Kwa hiyo ndiyo, mtoto wa pwani, unaihitaji. Pengine kuliko wengine.

Lazima nijue kuogelea?

Ndiyo. Utaogelea mita 200 bila vifaa, kwa mtindo wowote na bila kupimwa muda, au mita 300 ukiwa na maski, snokeli (mrija wa kupumulia) na mapezi. Halafu utaelea dakika 10. Si mashindano. Ukiogelea kama bata, ali mradi hukanyagi chini wala hushiki ukuta, umefaulu.

Kama hujui kabisa, tafuta kwanza mtu wa kukufundisha kuogelea. Wakati huo unaweza kufanya mzamo wa kuonja, usiotoa cheti, ambao mwalimu anakushika muda wote na hamzidi mita 12.

Watoto wanaruhusiwa kuanzia umri gani?

Miaka 10. Wa miaka 10 na 11 wanaishia mita 12 na lazima wawe na mzazi, mlezi au mwalimu mwenye cheti. Kuanzia 12 mpaka 14 wanafika mita 18 wakiwa na mtu mzima aliyefuzu. Mtoto asiyetaka mwenyewe usimlete. Nimewarudisha wawili nyumbani kwa sababu hiyo, na nina hakika nilifanya sawa.

Nina tatizo la kiafya. Je, nikinyamaza tu?

Usinyamaze. Kabla ya chochote utapewa fomu ya maswali ya afya. Ukijibu "ndiyo" kwenye maswali fulani, hujakataliwa. Unapelekwa kwa daktari akuchunguze na kutia saini. Yanayotuhusu zaidi huku kwetu: pumu, kifafa, moyo, presha ya damu, kisukari, siko seli, kifua kikuu kilichowahi kukupata, na upasuaji wowote wa kifua au sikio. Wenye siko seli nawaomba sana walitaje, kwa sababu wengi wamezoea kulificha kazini na shuleni, na baharini siri hiyo haina faida kwa mtu.

Mjamzito hazamii, hata kama mimba ni changa. Mwanamke aliye katika siku zake anaweza kuzamia kama kawaida, na hapana, damu hiyo haiiti papa.

Mafua je? Subiri yaishe. Pua iliyoziba inafunga njia ya masikio, na hilo linatupeleka kwenye swali linalofuata.

Masikio yataniuma?

Yatauma ukiyaacha yaume. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo cha hewa. Ukishuka, maji yanasukuma ngoma kuingia ndani, nawe inabidi upeleke hewa chumbani kutoka kooni ili pande mbili zilingane. Bana pua juu ya maski, puliza polepole mdomo ukiwa umefungwa, utasikia "tik". Fanya hivyo kila mita moja, *kabla* hujasikia maumivu. Ukisubiri maumivu umechelewa, njia imeshajifunga, na kupuliza kwa nguvu kunaumiza zaidi. Panda kidogo, jaribu tena, kisha shuka.

Mita za mwanzo ndizo ngumu. Kutoka juu mpaka mita 10 mgandamizo unaongezeka mara mbili. Baada ya hapo mabadiliko yanakuwa madogo.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mama wa miaka hamsini na kitu, mwalimu mstaafu kutoka bara. Siku ya kwanza baharini alishuka mita mbili akaonyesha sikio na kutikisa mkono. Tukapanda. "Mwanangu, sikio la kushoto limekataa," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kukata tamaa kwa heshima. Nikamwambia, "Mama, leo hatuna ratiba nyingine." Tulishika kamba ya nanga, yeye mbele mimi uso kwa uso naye, tukashuka kama mtu anayeshuka ngazi gizani: kipande cha mkono, kusimama, kupuliza, kuniangalia, kipande kingine. Dakika tisa kufika mita sita. Vijana wengine wawili walikuwa na msaidizi wangu chini, wanasubiri. Alipogusa mchanga kwa magoti, akafunga macho kwanza, kisha akayafungua, na mbele yake palikuwa na pono watatu wanatafuna mwamba. Sauti ya meno yao inasikika majini waziwazi, kru, kru, kru. Aliniangalia huku amenyoosha kidole kwenye sikio, safari hii si kwa maumivu.

Mwalimu anayekuharakisha kwenye masikio hafai kuwa mwalimu wako.

Maji yakiingia kwenye maski nitafanyaje?

Utayatoa. Hili ndilo zoezi linalotisha wanafunzi wengi kuliko yote, kwa hiyo niseme linavyokwenda.

Umepiga magoti kwenye mchanga, kina cha kiunoni au kifuani. Unavuta ukingo wa maski kidogo, maji yanaingia nusu. Macho yanawasha chumvi. Pua inataka kuvuta. Hapo hapo ubongo unakuambia "simama, toka". Wewe unaendelea kuvuta hewa kwa mdomo kupitia regulata, mara tatu, nne, mpaka ubongo utambue kwamba hewa ipo. Kisha unaweka vidole juu ya fremu, unaangalia juu, unapuliza kwa pua tu. Hewa inapanda, maji yanatokea chini. Umemaliza. Baadaye utaivua maski yote, utakaa bila kuiona dunia vizuri, na kuivaa tena.

Mtu akishaweza hilo, hofu yake nyingine yote hupungua, hata ile ambayo haihusiani na maski. Sijawahi kuona zoezi linalobadilisha mtu kama hili. Ukihitaji kulirudia mara kumi, rudia mara kumi. Lifanye hata bafuni kwa ndoo nyumbani: uso majini, pumzi kwa snokeli, pua wazi.

Hewa ya mtungi inatosha muda gani? Ikiisha je?

Tufanye hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa mpaka baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo) una lita 2,400 za hewa. Tunaacha baa 50 za akiba, yaani lita 600, kwa hiyo za kutumia ni 1,800. Mwanafunzi mwenye wasiwasi anatumia, tuseme, lita 20 kwa dakika akiwa juu. Mita 10 chini zinakuwa 40. Gawanya: dakika 45. Akitulia, anapata zaidi. Akihangaika na kupiga mikono, nusu saa na arudi.

Geji inakuonyesha kilichobaki, na mwalimu atakuuliza mara kwa mara. Ikiisha kwa uzembe, mwenzako ana regulata ya pili ya njano kwa ajili yako; utafanya zoezi la kuichukua mpaka liwe kama kusalimiana. Na kama mwenzako yuko mbali, kuna njia ya kupanda mwenyewe huku unatoa sauti ya "aaaa" mfululizo, ili hewa iwe inatoka mapafuni njia nzima. Hiyo nayo utafundishwa.

Tutaongeaje chini?

Kwa mikono. Ishara ni kama ishirini hivi na zinakaa kichwani haraka, isipokuwa moja inayowakamata Watanzania na Wakenya wote: dole gumba. Huku juu dole maana yake poa, safi, hakuna shida. Chini ya maji maana yake ni "tupande". Kila kundi lina mtu anayeulizwa kama yuko salama, anajibu kwa furaha dole, na mwalimu anaanza kumpandisha. Salama ni duara la kidole gumba na cha shahada. Jizoeze nyumbani, hata ukiulizwa kama chai ina sukari ya kutosha.

Papa?

Kwenye mizamo ya kozi, nafasi ya kumuona papa ni ndogo sana, na kwa hilo nina huzuni. Wazee wetu waliwaona wengi. Nyavu na mishipi vimewamaliza mwambani. Utakaowaona ni kasa, taa, mkunga akichungulia tunduni, pweza akibadili rangi, chewa, changu, na matumbawe yenyewe. Papa potwe, yule mkubwa asiyeuma mtu, hupatikana Mafia, hasa kuanzia Oktoba mpaka Februari, na huangaliwa kwa snokeli, bila mtungi.

Kinachoumiza watu mwambani ni kugusa. Baadhi ya samaki wana miba yenye sumu na wanafanana na jiwe. Mikono kifuani, mapezi yasiguse matumbawe, basi.

Kiingereza changu si kizuri. Nitafaulu?

Utafaulu ukipata mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili, nao wapo wengi Nungwi, Kendwa, Mji Mkongwe, Diani na Watamu; ulizia jina kwa jina kabla ya kulipa. Vitabu na video vingi viko kwa Kiingereza, kwa hiyo panga muda wa kukaa na mwalimu sura kwa sura. Mimi wanafunzi wangu huwaambia wanieleze kwa maneno yao kwa nini hatubani pumzi. Akiweza kumueleza mdogo wake, ameelewa, hata kama hajui neno hilo kwa Kiingereza.

Nitavaa nini? Ninavaa hijabu.

Suti ya kuzamia ya mikono na miguu mirefu inafunika mwili wote, na kichwani kuna kofia ya mpira wa aina hiyohiyo. Wengine huvaa nguo pana juu yake mpaka wanapofika kwenye boti. Walimu wa kike wapo, si wengi, kwa hiyo weka nafasi mapema. Ninachokuomba ni kimoja: hakuna kitambaa wala nywele zinazopita chini ya ukingo wa maski, kwa sababu maji yatafuata hapo. Wenye rasta na misuko wafunge nyuma. Wenye sharubu nene wajiandae kupuliza maski mara nyingi zaidi.

Na Ramadhani?

Hukumu ya saumu muulize sheikh wako. Ninachoweza kusema mimi ni cha mwili: kukaukiwa maji kunahesabiwa miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ule ugonjwa wa naitrojeni, na mtu mwenye njaa anachoka na kusikia baridi haraka. Kozi ina maji mengi ya chumvi mdomoni. Isogeze mpaka baada ya Idi. Bahari iko palepale.

Msimu gani mzuri?

Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, maji yana joto, nyuzi 28 na zaidi, na mara nyingi bahari ni shwari, ingawa Januari upepo unaweza kuchachamaa. Kusi, Juni mpaka Septemba, maji hushuka mpaka nyuzi 25 hivi na mashariki ya kisiwa huchafuka. Kaskazini ya Unguja kunakuwa na kivuli cha upepo. Masika, Aprili na Mei, mvua inapunguza mwanga na vituo vingine vinafunga. Pwani ya Kenya kusi inapiga moja kwa moja, na huko katikati ya mwaka boti nyingi zinakaa juu. Bora kuliko yote kwangu ni matlai, pale pepo mbili zinapopokezana, Oktoba na Novemba. Maji yanakuwa kama kioo.

Angalia na mwezi pia. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita nne, mikondo inakaza, na uchafu wa mchanga unapanda. Mwanafunzi anafaidi zaidi maji mafu. Kalenda ya wavuvi inakufaa hapa kuliko programu yoyote ya simu.

Ni bei gani?

Zanzibar bei hutajwa kwa dola, mara nyingi kati ya 400 na 600, vifaa na boti ndani yake. Uliza mambo matatu: ada ya vitabu na cheti imo? Ada ya hifadhi, kwa mfano ya kisiwa cha Mnemba, imo? Na je, kuna bei ya mkazi? Vituo kadhaa vinayo lakini haviiandiki ukutani. Najua ni fedha nyingi, ni mishahara ya miezi kwa wengi wetu. Ndiyo sababu nasema usiitupe kwenye kituo kibovu.

Nitakijuaje kituo kizuri?

Kozi yangu mwenyewe ya kwanza niliifanya mahali ambapo tulikuwa wanafunzi wanane na mwalimu mmoja anayeangalia saa. Siku ya pili sikio langu liligoma, nikaonyesha ishara, akanionyesha "shuka". Nikashuka. Nilitoka na damu puani na sikio lililonisumbua wiki tatu, na nilipouliza nikaambiwa ni kawaida. Si kawaida. Nimekuwa mwalimu kwa sababu ya siku ile.

Basi fika kituoni siku moja kabla na utazame. Mwalimu atachukua wanafunzi wangapi? Wanne wananitosha. Oksijeni ya dharura ipo kwenye boti? Waombe wakuonyeshe, wasikuambie tu. Chemba ya matibabu ya wazamiaji iliyo karibu iko wapi, na wanafikaje huko? Anayeijua kazi yake atajibu bila kufikiri. Kompresa ya kujazia mitungi isiwe inavuta moshi wa jenereta. Vuta pumzi mbili kwenye regulata yako kabla ya kupanda boti: hewa safi haina harufu kabisa. Ikinuka mafuta, ivue.

Na mwangalie nahodha. Anayehesabu vichwa kabla ya kuondoka na baada ya mzamo, huyo ni mtu wa kazi.

Nitaona wapi bahari kwa mara ya kwanza?

Inategemea ulipo. Kaskazini ya Unguja huwa ni mwamba wa karibu au Mnemba. Wa mjini huenda Bawe, Pange au Murogo, ambako mchanga ni mweupe na kina ni rafiki. Karibu na hapo yapo pia mabaki ya Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya za mawasiliano, iliyozama 1902. Yamelala kama mita 12, yameota matumbawe, na mwanafunzi wa siku ya mwisho anaweza kuyatazama kwa nje. Mafia una ghuba ya Chole ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1995. Kenya una Watamu na Malindi, zilizohifadhiwa tangu 1968.

Jiandae na mambo madogo yanayoshangaza. Vitu huonekana vikubwa na karibu zaidi kuliko vilivyo. Rangi nyekundu inapotea kwanza, kanga yako nyekundu ukishuka nayo mita 10 itakuwa kama kahawia iliyofubaa. Sauti ya injini ya boti utaisikia pande zote kwa pamoja, hujui inatokea wapi. Ndiyo maana tunapanda tukiangalia juu na mkono mmoja mbele.

Nikimaliza naweza kupanda ndege?

Si siku hiyo. Baada ya mzamo mmoja subiri saa 12, baada ya mizamo ya siku kadhaa saa 18 au zaidi. Ile ndege ndogo ya dakika ishirini kwenda Dar nayo ni ndege. Boti haina tatizo.

Milima ni sawa na ndege. Usitoke Tanga baharini asubuhi ukalale Lushoto jioni. Na wageni wanaotaka Kilimanjaro na Zanzibar, waambieni waanze na mlima.

Cheti kinaniruhusu nini? Naweza kupata kazi?

Kinakuruhusu kuzamia mpaka mita 18 ukiwa na mwenzako mwenye cheti, mahali panapofanana na ulipofundishiwa. Hakikuruhusu kuingia mapangoni wala ndani ya meli iliyozama. Hakiishi muda, lakini ukikaa mwaka hujagusa maji, omba kipindi cha kujikumbusha.

Kazi inahitaji zaidi: ngazi ya pili, ya uokoaji na huduma ya kwanza, kisha daivumasta, yaani kiongozi wa wazamiaji, ambaye lazima awe na miaka 18, aanze mafunzo na mizamo 40 na amalize na 60. Mwalimu anahitaji 100. Ni njia ya mwaka au miwili, na Kiingereza kitahitajika humo. Lakini vijana kadhaa wa kijiji changu wameipita wakianzia kubeba mitungi, na leo ndio wanaowaongoza wageni mwambani. Ukitaka njia hiyo, mwambie mwenye kituo siku ya kwanza kabisa, kwa sababu wengine wanakubali ufanye kazi huku unasoma. Makubaliano hayo yaandikwe.

Nilete nini siku ya kwanza?

Nguo ya kuogelea, taulo, chupa kubwa ya maji ya kunywa, kitambulisho, fomu ya afya iliyojazwa kwa ukweli. Miwani ya macho kama unavaa, tuone kama tuna maski yenye lenzi za namba yako. Kula chapati na chai saa moja kabla, usije na tumbo tupu. Na lala mapema usiku wa kuamkia siku hiyo.